Endamarariek: Masika yakishika, greda lianzie njia ya zahanati

Mgeni anayepanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Ngorongoro hana habari na tope. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Lodoare, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, inakwea ukingo wa Bonde la Ufa, inapita Rhotia, inaingia mji wa Karatu na kuendelea hadi kwenye msitu wa kreta. Magari ya watalii hupita mvua inyeshe isinyeshe. Dereva huwaza foleni ya getini. Kufika kwenyewe hakumpi shaka.

Ukiiacha lami hapo Karatu na kushika njia za kusini kwenda kata ya Endamarariek, mambo hubadilika. Hii ni nchi ya vilima na mabonde, mashamba ya mahindi, maharage, mbaazi, ngwara na alizeti yakipakana na malisho. Wakazi wengi ni Wairaqw. Majirani zao wilayani ni Wadatooga, Wamasai, Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi na watu wa makabila ya Kibantu waliohamia. Hata majina ya mahali humwambia msafiri kwamba ameingia ukanda mmoja mrefu: Endamarariek, Endabash, Endallah na Endamaghang huku Karatu, Endagikot kule Mbulu, Endasak kule Hanang.

Kiangazi njia hizi ni vumbi jekundu linalokaa kwenye nguo na kope. Punda hupita na madumu ya maji, bodaboda hupita na magunia, watoto wa shule hupita wakikimbia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia ni ileile lakini safari ni nyingine. Udongo wa miteremkoni huteleza kama sabuni. Ule mweusi wa mbugani huvuta gurudumu hadi gari linalala tumbo. Bodaboda hukataa abiria au hupandisha nauli. Kwa mwanamume mwenye buti na fimbo, hiyo ni adha ya siku moja. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu, inaweza kuwa suala la kufa na kupona.

Njia moja, mizigo mingi

Mtu wa mjini akisikia barabara imekatika, hufikiria magari na mizigo ya sokoni. Kijijini barabara ni sehemu ya huduma ya afya. Mama mjamzito anatakiwa kuanza kliniki mapema na kurudi mara kwa mara. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane. Mtoto akishazaliwa naye ana ratiba yake: chanjo za siku za mwanzo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela akiwa na miezi 9 na miezi 18.

Wiki hizo hazisubiri jua litoke. Mtoto aliyezaliwa katikati ya Februari, wiki yake ya 6 inaangukia mwisho wa Machi, ya 10 mwisho wa Aprili na ya 14 mwisho wa Mei. Kliniki zote tatu zinamkuta katikati ya masika. Mama anayembeba mgongoni hana budi kuchagua kati ya kutembea kwenye utelezi na kuiacha tarehe ipite.

Chanjo zenyewe husafiri kwa njia hiyohiyo. Nyingi zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 tangu zinapotoka wilayani hadi zinapoingia kwenye jokofu la zahanati. Oxytocin, sindano anayochomwa mama mara tu mtoto anapotoka ili damu isimwagike kupita kiasi, nayo inahitaji ubaridi wa aina hiyo. Gari likilala njiani, mzigo huo haulali salama kama gunia la mahindi.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama mwenye tatizo la uzazi hucheleweshwa katika hatua tatu: kuamua kwenda hospitali, kufika huko, na kupata huduma akishafika. Hatua ya kwanza iko ndani ya nyumba. Ya tatu iko kwa wauguzi na madaktari. Ya katikati iko barabarani, na masika ndipo inapouma zaidi. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kutoka vijijini hadi hospitali za Karatu mjini, kama ile ya Kilutheri au ya FAME, saa hizo mbili zinaweza kuishia kwenye bonde moja lisilopitika.

Tanzania imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto ulionyesha kwamba vifo vya wajawazito vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Lakini wastani wa taifa hausemi ni nani aliyeko upande wa pili wa tope.

Kazi ya greda

Sauti ya greda ikisikika kijijini, watoto ndio wa kwanza kutoka. Ni mtambo wa tani 15 hadi 20, wenye shingo ndefu na kisu cha chuma cha karibu mita 4 kilichoning'inia katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Watu husema limekuja kuchonga barabara, na neno hilo linaieleza kazi vizuri. Kisu hukwangua mabonde na matuta, husogeza udongo kutoka pembeni kwenda katikati, na kuiachia barabara mgongo ulioinuka kidogo ili maji yashuke kwenye mitaro ya pande zote mbili.

Siri ya barabara ya udongo ni maji. Yakipata pa kwenda, barabara inadumu. Yakikosa, yanatembea barabarani, yanachimba mfereji mdogo, na baada ya mvua kadhaa mfereji unakuwa korongo. Karatu inayajua makorongo. Miteremko yake imeliwa na mmomonyoko kwa miaka mingi. Ndiyo maana greda peke yake halitoshi. Linahitaji mtu wa kusafisha mitaro, makalavati ya kuvusha maji chini ya barabara, kifusi cha kuimarisha sehemu laini na mtambo wa kushindilia.

Wakati nao una maana. Greda likiingizwa kwenye tope bichi, kisu hukoroga na magurudumu hukanyaga, na njia hubaki mbaya kuliko ilivyokuwa. Likija wakati ardhi imekauka kama tofali, hukwangua vumbi lisiloshikana. Siku nzuri ni zile za kati, udongo ukiwa bado na unyevu lakini unabeba mtambo. Kwa hiyo kazi kubwa inafaa kufanyika kabla ya masika, na wakati wa mvua hubaki kazi ya kuokoa: kuondoa tope lililoporomokea barabarani, kuzibua kalavati, kumwaga mawe na kifusi penye kuzama.

Siku hizo za kati ni chache, na mtambo mmoja hauwezi kuwa kila mahali. Hapo linazuka swali ambalo wazazi wengi hawaliulizi: greda lianzie wapi?

Wenye theluji walishajiuliza

Theluji ya Tanzania iko kileleni Kilimanjaro, na mara mojamoja huonekana juu ya Mlima Meru. Hakuna mtambo unaoifuata huko. Lakini katika nchi za kaskazini, majira ya baridi huleta tatizo linalofanana na la Endamarariek: kitu kizito kinashuka kutoka mbinguni, njia zinazibwa, na mitambo ni michache kuliko barabara. Huko magari makubwa hufungwa bamba la chuma mbele, yakaisukuma theluji pembeni, mengine yakimwaga chumvi au mchanga nyuma ili barafu isishike. Tofauti ni kwamba wao hukimbilia kuondoa kabla theluji haijakanyagwa ikawa barafu, wakati fundi wa greda penye tope hulazimika kusubiri mvua ipumue.

Mji wa Karlskoga nchini Uswidi ulipitia upya utaratibu wake mwaka 2011. Kwa miaka mingi mitambo ilianza na barabara kuu za magari, ikamalizia na njia za miguu. Viongozi walipotazama nani anapita wapi, waliona kwamba barabara kuu ziliwafaa zaidi wanaume wanaoendesha magari kwenda kazini. Wanawake wengi walitembea kwa miguu au kupanda basi, wakiwapeleka watoto shule za awali, wakisukuma vigari vya watoto wachanga. Takwimu za hospitali nchini humo zilionyesha pia kwamba kwenye utelezi, watembea kwa miguu huumia mara tatu zaidi ya walio ndani ya magari, na wengi wao ni wanawake.

Karlskoga ikageuza mpangilio. Njia za miguu, za baiskeli na zile za kwenda shule za watoto wadogo zikawekwa mbele. Mitambo ilikuwa ileile na theluji ileile. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia.

Mfano huo una upande wa pili. Stockholm ilifuata mpangilio kama huo, na Novemba 2016 theluji nyingi isiyo ya kawaida ilipoanguka mapema, jiji lilikwama na lawama zikawa nyingi. Mpangilio mzuri hauzibi pengo la mitambo. Endamarariek inahitaji vyote viwili, greda na orodha ya njia za kuanzia. Tofauti ni kwamba greda linategemea fedha, na orodha inaweza kuanza kwenye mkutano wa kijiji.

Katesh haikuhitaji kuuliza

Mkoa jirani wa Manyara ulionyesha jinsi mpangilio unavyojitengeneza wenyewe wakati wa msiba. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha na wengine wengi walijeruhiwa. Vijiko, magreda na malori vilipelekwa, askari na wananchi wakafanya kazi bega kwa bega, na barabara iliyokuwa imefukiwa ikafunguliwa.

Siku kama hiyo hakuna anayebishana kwamba njia ya majeruhi kwenda hospitali ndiyo ya kwanza. Macho ya nchi nzima yako pale. Ugumu uko kwenye tope la kawaida, lile linalomkwamisha mama mmoja leo na mtoto mmoja wiki ijayo, bila kamera wala msafara wa viongozi. Tope hilo halijipangii. Linahitaji mtu wa kulisemea.

Nani husikia, na lini

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Njia nyingi za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017. Sehemu kubwa ya fedha za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Maana yake ni kwamba hata abiria wa bodaboda anayekwenda mnadani anachangia greda, awe anajua au hajui.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Kwa kawaida mikutano hii hujaa habari za mashamba, mipaka, maji na michango ya shule. Barabara hutajwa kwa kilio cha jumla: barabara yetu ni mbovu. Kilio cha namna hiyo hakimsaidii mhandisi mwenye kilomita nyingi na greda moja.

Ombi linalosaidia hutaja mahali. Kijiji kinaweza kuorodhesha sehemu tatu tu zinazofunga njia kati ya kaya na zahanati: bonde fulani linalozama, kalavati fulani lililoziba, kona fulani inayoporomoka. Muuguzi wa zahanati anajua ni miezi gani mahudhurio hushuka. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua kaya zenye wajawazito na ziko ng'ambo ya korongo lipi. Mwalimu anajua watoto wa kitongoji kipi hawafiki shule mvua ikinyesha. Orodha hiyo ikipitishwa mkutanoni Desemba au Januari na kukabidhiwa diwani, inafika kabla ya masika. Ikipelekwa Aprili, greda litakuwa limeshazama mahali pengine.

Wanawake wahudhurie mikutano hiyo na wazungumze. Mara nyingi mwanamume hutaja njia ya sokoni, kwa kuwa ndiyo anayoipita na mazao. Mama hutaja njia ya kisimani na ya kliniki. Zote ni za kweli, lakini isiyotajwa haiingii kwenye orodha.

Mtambo ukiwa mlangoni

Greda likishafika, wazazi wana kazi yao. Dereva hukaa juu na haoni vizuri kilicho karibu na magurudumu, hasa anaporudi nyuma. Watoto hupenda kulifuata, kurukia tuta la udongo linalobaki pembeni, au kudandia. Wawekwe mbali, angalau hatua 30, na mtu mzima mmoja wa kila eneo apewe kazi ya kuwaangalia hadi mtambo upite. Mbuzi na ndama wafungwe pia, maana mtoto humfuata mbuzi.

Baada ya mtambo kupita, mtaro mpya huacha nyumba ng'ambo. Familia nyingi hujaza udongo na mawe mbele ya geti ili pikipiki ivuke. Hapo ndipo barabara inapoanza kufa: maji yakikuta kizuizi hupanda barabarani, na masika yanayofuata kuna korongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mtaro wa barabara ni kinyume chake. Ukiuziba, utaipoteza njia. Kivuko cha magogo au mbao imara, au bomba pana chini ya kifusi, huwaacha watu na maji wapite wote wawili.

La tatu ni mashimo ya kifusi. Palipochimbwa kifusi hubaki shimo, na masika hulijaza maji. Mtoto huliona bwawa la kuogelea. Mbu wa malaria huliona mahali pa kutaga. Kijiji kimtake anayechimba alifukie au alisawazishe akimaliza, na hadi hapo liwekewe uzio wa miiba.

Mipango ya mjamzito wa masika

Familia inayotarajia mtoto kati ya Machi na Mei isiweke matumaini yote kwa greda. Mipango ianze mimba ikiwa na miezi saba, baba, mama mkwe na wifi wakishirikishwa.

• Kama kliniki imesema mimba ina hatari, au mama aliwahi kujifungua kwa upasuaji au kutokwa na damu nyingi, ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya tarehe. Aulize pia kama kuna nyumba ya kusubiri kujifungua.

• Familia ijue namba 115. Ni ya bure, ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea hupanga gari la wagonjwa au dereva wa eneo aliyesajiliwa. Anayepiga aseme wazi njia ipi inapitika, ili dereva asije akakwamia upande usiofaa.

• Wajulikane mapema vijana wanne wa kubeba machela na mwenye trekta wa kuvusha sehemu inayozama. Namba zao ziwe kwenye simu zaidi ya moja, na simu ziwe na chaji.

• Dalili hizi hazisubiri mvua ikatike: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

• Kliniki ya mtoto ikipita kwa sababu ya njia, apelekwe siku ya kwanza inayopitika. Chanjo iliyochelewa bado inatolewa, na mama hapaswi kuona haya kurudi.

Mvua za vuli hunyesha Novemba na Desemba, na huonyesha mapema ni bonde lipi litafunga njia Machi. Mzazi wa Endamarariek anayepita hapo na mtoto mgongoni amelikagua bonde hilo kuliko mtu yeyote. Jina lake likiandikwa kwenye orodha ya kijiji mwezi huohuo, dereva wa greda atakuwa na mahali pa kuanzia.